Chumba Kisichofagiwa

Asubuhi ile, kabla mkaa haujashika vizuri, Bi Kijakazi Uweso alikuwa ameshaficha mafagio yote ya nyumba yake. La ndani alilisukumia uvunguni mwa kitanda chake, la uani akalirusha juu ya banda la kuku, na la chooni, ambalo hakuna mtu mwenye akili zake angelichukua kufagilia chumba, nalo akalifunika gunia. Siku hiyo hakuwa akimwamini mtu. Khadija, binti yake wa pekee, alimkuta akishuka kwenye kigoda huku akijipangusa mikono.

"Mama, sasa tutakaa na taka mpaka lini?"

"Mpaka Mariseli afike kwao salama. Na weye nakujua. Ukionekana na fagio mkononi leo, tutakosana."

Khadija akacheka, akaenda kuchochea moto. Hakubisha, maana alikuwa na kosa lake la zamani katika mambo haya.

Pale Ngamiani Bi Kijakazi anajulikana kwa mkate wa kumimina na kwa ulimi wake, na watu hawajakubaliana kipi kati ya hivyo kimemletea wateja wengi zaidi. Alizaliwa barabara ya kumi na tano, akaolewa barabara ya kumi na saba, na mumewe alipofariki akabaki palepale, katika nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Kwake kusafiri ni kwenda kijijini Moa kumtazama dada yake, na akifika huko, siku ya pili tu anaanza kuulizia usafiri wa kurudi. Lakini chumba cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, kwa miaka mingi amekuwa akiwapangisha wageni wanaokuja kujitolea, na kwa njia hiyo dunia imemfuata yenyewe hadi mlangoni. Ikamfuata, ikamzoea, kisha ikamwacha. Hilo la mwisho ndilo lililomchosha.

Wa kwanza alikuwa Tomasi, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akigonga kichwa kila mlango, aliyekuja kufundisha useremala. Siku ya kuondoka alimkumbatia Bi Kijakazi mbele ya majirani, mama wa watu akaona haya, na Tomasi akamwambia, "Nitarudi, Mama. Mwakani, mwezi wa saba." Bi Kijakazi akalishika neno lile kwa mikono miwili. Mwezi wa saba ulipokaribia alifua chandarua, akanunua soda ya tangawizi ambayo Tomasi alikuwa akiipenda, akaiweka kabatini. Ile soda ilikaa mpaka kizibo kikashika kutu. Tomasi hakuja, na baada ya muda hata salamu zikakatika.

Hapo ndipo alipokumbuka. Mchana uleule Tomasi alipoondoka, yeye mwenyewe alikifagia kile chumba. Mkono ulikwenda wenyewe tu. Mchanga ulikuwa mwingi, na yeye hapendi uchafu. Na tangu utoto wake alikuwa akisikia kwa bibi zake kwamba msafiri akiondoka, nyuma yake hapafagiwi mpaka zije habari kwamba amefika. Ukifagia kabla ya hapo umezifuta nyayo zake, umemfukuza, na aliyefukuzwa harudi. Jambo alilolijua tangu hajaota meno ya ukubwani, akalisahau siku lilipohitajika! Alipokuja Ingridi wa Denimaki, na yeye akaondoka huku akiahidi vilevile, Bi Kijakazi alikaa chonjo. Lakini Khadija, ambaye ni fundi cherehani na mambo ya wazee huyapokea nusunusu, akapitisha fagio wakati mama yake yuko kwenye mswala anaswali adhuhuri. Ingridi naye mpaka leo.

Basi akaja Mariseli.

Huyu alitoka Ufilipino, mkunga wa miaka thelathini na ushei, aliyekuja kuwafundisha wakunga vijana katika kituo cha afya. Siku ya kwanza, hata vumbi la safari hajaliosha, alipita uani akamkuta Bi Kijakazi amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi za mkate. Akasimama, akatazama, kisha akaashiria kwa mkono kwamba anaomba apishwe. Bi Kijakazi akapisha huku anajiandaa kucheka, kwa sababu wageni wote waliotangulia walijaribu kukuna nazi na wote walijichana vidole. Yule mwanamke akakaa upande kama inavyotakiwa, akakusanya sketi yake, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili akaanza kazi. Nazi ikashuka nyeupe tupu, bila hata chembe ya ganda.

"Nani kakufunza weye?" Bi Kijakazi akauliza, kwa mdomo na kwa mikono.

"Mama," akajibu Mariseli.

Baadaye, Kiswahili kilipomkaa, alieleza kwamba kwao nako minazi inashuka mpaka ufukoni, na mama yake anacho kiti chake kama hiki hiki, chenye ulimi wa chuma. Lakini siku ile jibu la neno moja lilitosha. Bi Kijakazi alimpenda papo hapo, na hakujificha.

Tangu hapo kila alfajiri wakakuna nazi pamoja kabla Mariseli hajaenda kazini. Watoto wa mtaani walipomwita Mchina, Bi Kijakazi aliwajibu kutoka barazani, "Mchina nani? Huyu mwanangu, nimemzaa mie!" akawarudia hivyo mpaka wakachoka wao. Kiswahili chake Mariseli alikiokota kwa Bi Kijakazi, kwa hiyo huko kituoni wakunga vijana walikuwa wakiangua kicheko kumsikia msichana wa kigeni anaongea kama ajuza wa Ngamiani. Jumapili alikwenda kanisani, na Ramadhani alifunga mpaka saa saba mchana, kisha anadai apewe nusu ya thawabu. Ukumbi ule haukuwahi kuwa na kicheko namna hiyo tangu marehemu mumewe alipoondoka.

Muda wake ulipokaribia kwisha, shirika lake lilikuwa tayari kumwongezea mwaka. Bi Kijakazi alishaanza kuwaza kubadilisha pazia la chumba. Ndipo ikaja simu kwamba mama yake kule Ufilipino ameanguka, amevunjika nyonga, wala hana wa kumgeuza kitandani ila majirani. Mariseli alikuja uani na simu ingali mkononi.

"Mama, niende au nibaki?"

Bi Kijakazi alitaka kusema baki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akamtazama yule binti, akamfikiria yule mwanamke mwingine asiyemjua, mwenye mbuzi kama yake, amelala chali anasubiri hatua za mtu mlangoni.

"Nenda," akasema. "Mie ninaye Khadija."

Akaendelea kukuna nazi. Alikuna mpaka ganda likachanganyika, mikate ya siku hiyo ikatoka na madoa meusi, na hakuna mteja aliyethubutu kuuliza.

Siku moja kabla ya safari, wenzake Mariseli walimfanyia sherehe ya kumuaga kule ufukoni Raskazone, yenye keki, hotuba na vitenge. Bi Kijakazi alialikwa akakataa kwenda. Kuaga si harusi, alisema, hana cha kupigia vigelegele. Alasiri Mariseli akarudi na sahani ya pilau iliyofunikwa, akaketi naye barazani. Wakaangalia baiskeli zinavyopita.

"Nina ombi," Bi Kijakazi akasema hatimaye. "Kesho usiniambie utarudi."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu nitakusadiki. Wenzio wawili waliniambia hivyo, nikawangoja kama juha. Sina tena nguvu za kungoja mtu. Mungu akikuleta, utakuja. Lakini neno hilo usiniachie humu ndani."

Mariseli aliinamisha kichwa. "Sawa, Mama. Sitasema."

Bi Kijakazi alishukuru, na alishukuru kwa dhati. Lakini tangu dakika ile hakuna kitu alichokitamani duniani kuliko kulisikia neno lilelile alilolikataza. Moyo wa mtu mzima nao una utoto wake.

Ndiyo maana alfajiri akaficha mafagio. Kama neno halipo, basi angalau nyayo zibaki.

Mkate ulipoiva akaufunika, akaupeleka dukani kwa Sabiri pale kwenye kona, maana wateja hawajui habari za majonzi. Hakukawia. Aliporudi akaona mlango wa chumba cha mbele uko wazi, akachungulia. Sakafu ilikuwa inang'aa. Chini ya kitanda, pembeni, nyuma ya mlango, hapakuwa na punje ya mchanga wala unywele. Pale ukutani lilisimama fagio dogo la chelewa alilolisuka Mariseli mwenyewe mwezi wake wa kwanza, akisema kwao pia wanafagilia haya haya. Bi Kijakazi alikuwa ameficha mafagio yote ya nyumba, akalisahau la mgeni.

Mariseli akaingia kutoka uani, beseni tupu la taka mkononi, uso umejaa fahari. Alikuwa ameamka mapema kwa ajili hiyo.

"Mama, nimekuachia chumba kisafi."

Bi Kijakazi akakaa juu ya kitanda kisicho na shuka. Hakulia. Alitazama tu ile sakafu. Nje Zubeiri alikuwa ameshafika na bajaji yake, anapiga honi kwa adabu, mara moja moja, maana basi la Dar halimngoji mtu.

"Nimekosa nini?" Mariseli akauliza. "Dada Khadija, nimekosa nini?"

Khadija akamweleza. Alimweleza habari za bibi zao na nyayo za msafiri, habari za Tomasi na za Ingridi, na hata habari za fagio lake mwenyewe la adhuhuri ile. Sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. "Na weye leo umejifagia mwenyewe," akamalizia.

Mariseli alisimama na lile beseni. Alifungua mdomo, na wote watatu walijua ni neno gani lililokuwa linataka kutoka. Bi Kijakazi akainua macho. Laiti angelisema! Angelisema tu, akavunja ahadi, yeye angelimsamehe hapo hapo. Lakini Mariseli akaufumba mdomo, akaweka beseni chini, akatoka.

Alirudi amebeba mbuzi kwapani na kizio cha nazi mkononi. Akaiweka mbuzi katikati ya chumba, bila sinia wala sahani chini yake, akakaa upande, akakusanya sketi yake ya safari, akaanza kukuna. Nazi ikamwagika kwenye ile sakafu inayong'aa. Alikuna taratibu, machozi yanamdondoka bila kuyafuta, mpaka kikabaki kifuu. Kisha akainuka, akachota kwa viganja akanyunyiza, kidogo uvunguni, kidogo dirishani, kidogo nyuma ya mlango, na iliyobaki akaikanyaga kwa nyayo zake pekupeku, kuanzia kitandani hadi kizingitini.

Siku nyingine yoyote, mtu aliyemwaga nazi nzuri namna ile angeyasikia ya ulimwengu kutoka kwa Bi Kijakazi. Siku hiyo alicheka, kicheko kikageuka kilio, akamvuta Mariseli kifuani akamshika kama anavyoshikwa mtoto aliyepotea sokoni akapatikana.

"Haya nenda," akamwambia. "Nenda ukamgeuze mama yako. Mwambie namsalimu."

"Kwaheri, Mama," akasema Mariseli. Hakuongeza neno. Zubeiri akapakia sanduku, bajaji ikakata kona ya dukani kwa Sabiri, na Bi Kijakazi akabaki barazani mpaka vumbi lilipotulia.

Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, simu ya Khadija ikalia. Akasoma kwa sauti: "Nimefika nyumbani salama. Mama yangu anawasalimu sana. Nimemwonyesha picha ya mbuzi ya Bi Kijakazi, amecheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Kijakazi, na alimaanisha. Lakini lile neno nyumbani lilimchoma, akageuza uso.

Khadija akaingia chumbani kwa mama yake, akalitoa fagio uvunguni. "Basi Mama, sasa ruhusa. Sisimizi wamejaa kule chumbani, wamefanya barabara yao."

"Niletee hilo fagio," akasema mama yake. "Na chumba kile kiache. Hajafika."

"Mama! Si kaandika mwenyewe?"

"Kafika kwa mamake, Mungu amponye mama wa watu. Hapa bado hajafika."

Akajifunga kanga kiunoni, akainama, akaanza kufagia. Alifagia uani, akafagia jikoni, akafagia ukumbi wote kwa urefu wake hadi barazani, na kila alipopita mbele ya chumba cha mbele aliliinua fagio, akakiruka kizingiti, akaendelea.