Liwa, Manjano na Limau la Bibi

Wiki iliyopita, katika duka la dawa huko Richmond Hill, huku ughaibuni tunakoishi, binti yangu alitia kichupa kwenye kikapu changu. Nikasoma nyuma: mzizi wa urukususu, majani ya forosadi, cha kung'arisha ngozi. Ana miaka kumi na miwili, mweusi kama mimi. Nilisimama nacho mkononi, maana Bibi alikuwa amenijia akilini.

Bibi, mama yake mama, alitoka Tanga akaja kuishi nasi Crescent Town nilipokuwa mtoto. Kila Jumamosi asubuhi alikaa chini jikoni, akamwagia jiwe marashi, akasugua juu yake kipande cha liwa, ule mti wa kunukia, mpaka kikatoa uji mzito. Kisha manjano na tone la limau. Nyumba nzima ilinukia waridi, pamoja na vitunguu vya jirani. Dada yangu, aliyezaliwa mweupe, aliachwa atazame katuni. Mimi nilipakwa. Nikilalamika kwamba inawasha, Bibi alisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Sasa mimi sikutaka chochote cha mvunguni, nilitaka katuni.

Siku moja nilimuuliza mbona yeye hajipaki, kwa kuwa alikuwa mweusi kunizidi. Akajibu bila kuinua macho, "Mimi nimeshaolewa, mjukuu wangu."

Mama mdogo alipokaribia kuolewa, nilichaguliwa kubeba sinia la hina. Nililisubiri sinia lile kama sikukuu. Bibi akazidisha limau, akaniweka roshanini nikauke juani. Hakujua kwamba limau na jua havipatani usoni. Jioni mashavu yaliwaka moto, na baada ya siku chache yakatoka mabaka, meusi kuliko mimi mwenyewe. Sinia alibeba dada. Bibi hakuniomba radhi. Alinipaka mafuta ya nazi kila siku, na liwa hakuisugua tena. Nilimkasirikia, na bado namkasirikia kidogo.

Haya yote nilimsimulia binti yangu palepale, katikati ya rafu. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake, iwapo dawa za Bibi zilifanya kazi.

"Nitazame," nikamwambia.

Akanitazama vizuri, akacheka, akakirudisha kichupa.

Bibi hayupo tena duniani, na jiwe lake lilipotea tulipohama. Lakini nakwambia kweli, nilipokuwa nimesimama pale nilivitamani vidole vyake usoni mwangu, ila si kwa sababu ile ya weupe.