Lita Kumi za Busta

Watu wa Kiritiri wanajua bei ya bando mpaka ya shilingi tano, lakini ukiwauliza mtandao unakula nini, watakucheka. Utakula nini, na uko hewani? Njeru hakucheka. Kwa miaka minane alilinda mnara wa simu kilimani, ule wanaouita busta, na kila stima ilipopotea ni yeye aliyewasha jenereta na kuilisha dizeli kwa mikono yake. Hata shati lake la kanisani lilinuka dizeli. Marehemu mkewe alilalamikia harufu ile hadi siku zake za mwisho.

Alikuwa na kijiti alichokichonga alama, cha kutumbukiza kwenye tangi kupimia dizeli. Kwa kijiti hicho aliwajua watu kuliko pasta wao. Jumatano tulivu, jenereta ilikunywa kidogo. Jumapili, ibada zikirushwa laivu, ilikunywa zaidi. Siku ya matokeo ya mtihani ndiyo usiseme. Alipowaeleza sokoni kwamba video zao zinakunywa dizeli, walimwambia mzee ameuvuta moshi mwingi mno. Watu bwana! Kitu wasichokilipia kwa mkono, kwao hakipo.

Binti yake Ruguru alikuwa amerudi kukaa naye, na mtoto wa miezi minane aliyempa jina la babu yake. Njeru alimpenda mtoto yule kwa namna ya kuchekesha. Mzee wa miaka sitini, mkali kwa kila mtu, alitambaa sakafuni naye akibweka.

Mwezi wa tano upepo uliangusha nguzo za stima, giza likatanda tarafa nzima siku tatu. Siku hizohizo mtoto akashikwa na nimonia. Pale zahanati Sista Jedidah alimweka kwenye mashine ya oksijeni, ikiendeshwa na jenereta ndogo ya zahanati. Ijumaa, saa moja asubuhi, Sista alimwita Njeru kando. Dizeli ya zahanati ilikuwa inaisha. Na oksijeni peke yake haingemponya mtoto, alihitaji hospitali kubwa ya Embu siku hiyohiyo. Ambulensi ilikuwa moja, na ilikuwa imempeleka mama mjamzito. Dereva alisema akishapata nafasi mchana atapiga simu. Zahanati ya kwanza kupokea ndiyo atakayoiendea, maana wanaomngoja ni wengi.

Njeru alipanda kilima. Wenzake kwenye minara mingine waliuza dizeli ya kampuni kila wiki, lakini yeye hakuwa ameiba hata kifuniko kimoja. Alitumbukiza kijiti. Lori la mafuta lingefika saa kumi jioni. Akitoa lita kumi, zitakazobaki zitadumu hadi saa kumi na moja. Akazitoa, akazishusha, akazimimina. Midomo ya mtoto ikarudia rangi yake, na Ruguru akaushika mkono wa baba yake. Njeru alijisikia mtu siku ile.

Alichosahau ni mazishi. Siku hiyo alikuwa anazikwa mwimbaji wa injili aliyependwa kote Embu, na mazishi yalirushwa laivu tangu saa tatu. Njeru aliligundua hilo mchana, alipopita sokoni kununua maziwa na kukuta akina mama wa mboga wameinamia simu zao wakilia. Alikimbia kilimani, na kabla hajafika langoni jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Ilikuwa saa tisa. Akatazama simu yake. Hakuna netiweki.

Alichukua mtungi mtupu akashuka hadi zahanati. Lita mbili tu zingetosha kuiwasha busta. Alisimama nyuma ya jengo, mkono juu ya kifuniko cha jenereta, na kupitia dirishani akamsikia mtoto akivuta pumzi. Kuzitoa zile lita mbili ilikuwa kumzimia mashine. Akauondoa mkono.

Hapo ndipo alipokosea, na tusimtetee. Kilichohitajika ni kumwambia Sista kwamba simu imekufa. Boda ingetumwa ng'ambo ya bonde, mahali penye netiweki, ikampigie dereva, dakika ishirini tu. Lakini angeulizwa imezimikaje, na kampuni ingejua. Akawaza kazi yake, akawaza pia kwamba lori li karibu. Akarudi kilimani na mtungi wake.

Lori lilifika saa kumi kamili. Netiweki iliporudi, simu ya Jedidah pale mezani ilianza kulia kwa jumbe. Dereva alikuwa amempigia mara tatu. Alipompigia, dereva alimwambia kwa huzuni kwamba alishambeba mgonjwa mwingine na yuko karibu na Embu. Angerudi usiku.

Usiku ulikuwa mbali. Saa moja kasorobo jioni, mashine ikiwa bado inanguruma, mtoto aliacha kupumua mikononi mwa mama yake.

Walimzika Jumatatu. Majirani walipotawanyika, Ruguru alikaa na baba yake nje ya nyumba. Alimshukuru. Alisema watu wote walikaa tu wakisema Mungu anajua, ila yeye alihatarisha kazi yake, na kama si netiweki kupotea mtoto angekuwa Embu sasa hivi. Njeru aliyasikiliza maneno hayo mpaka yakamshinda.

"Niliona busta ikizimika," alisema. "Ni zile lita kumi. Nilikuja hadi zahanati, nikasimama hapo nyuma. Sikusema."

Ruguru alimgeukia polepole. "Ulisimama wapi, Baba?"

"Dirishani."

"Ukatusikia?"

"Niliwasikia."

Ruguru aliinuka, akaanua nepi za mtoto zilizokuwa kwenye kamba tangu Alhamisi, akazikunja moja moja. Hakuacha hata moja. Kisha akaingia ndani, na Njeru akamsikia akisukuma komeo la mlango.