Lambo Lisilokuwepo

Ramani yangu ya njia za mifugo niliichora kwenye kioo cha dirisha la steshenari yangu, hapa Mpanda. Chini niliweka ramani niliyoazima kwa jirani, kazi ya mama mmoja wa Ilembo, mpima ardhi mstaafu. Juu nikaweka karatasi nyeupe, nikafuata mistari yake kwa kalamu. Kisha nikaongeza majosho na minada, nikabadilisha rangi, nikaandika jina langu pembeni kwa herufi nene. Hakimiliki? Nilijiambia nimeongeza vya kutosha, sasa ni yangu. Wizi wangu niliuita ubunifu.

Nakala ya kwanza nilimpa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mfugaji wa Mwamkulu. Kiangazi hiki, mito ilipokauka, aliswaga ng'ombe siku mbili kuelekea lambo lililoonyeshwa upande wa Kibaoni. Alikuta vichuguu na majani makavu. Njia ya kurudi ng'ombe wakaanza kuanguka, mmoja baada ya mwingine. Alikuja kunisimulia dukani, kofia mkononi, taratibu.

"Labda limekauka, shemeji," alisema. Hata lawama hakunipa.

Nilimwacha hapo hapo, nikapanda bodaboda kwenda Ilembo kumgombeza yule mama. Ndiyo, mimi niliyeiba nilikwenda kulalamika kwa mwenye mali kwamba mali yake ni mbovu. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi ya arobaini niliifuata mwenyewe, tena kwa nauli yangu.

Alikuwa anaanika mpunga. Nilimtandazia karatasi yangu.

"Mama, hapa umechora lambo. Mbona halipo?"

Aliitazama sana, akafuta mikono kwenye kanga.

"Halijawahi kuwepo, baba. Nililiweka mimi, ili anayeninakili nimjue. Kila anayenunua kwangu namwambia kwa mdomo asilifuate. Wewe uliinunua kwa nani?"

Mtu mzima, msomi, anachora maji ya uongo kwenye nchi ya wafugaji! Nikamwambia mtego wake umeua ng'ombe wa watu, na wa kulaumiwa ni yeye.

"Alama ni yangu, siikatai," alisema. "Dhambi yake nitaibeba."

Akaingia ndani, akatoka na ramani yake, akailaza kando ya yangu. Kwake palikuwa na doa dogo la buluu, basi. Kwangu, pembeni ya doa hilo, palikuwa na maneno niliyoyatunga nimekaa kitini, mahali penyewe sijawahi kufika, ili tu kazi yangu isifanane mno na yake: "Maji mwaka mzima."

Aliweka kidole juu ya maneno hayo.

"Na haya ni ya nani?"

"Yangu," nikamjibu.

Shemeji alikuwa bado dukani, ananisubiri nimpelekee jibu.