Jiwe la Krijn Kodde

Marinus Verschuure alianza maisha kwa kubeba mawe ya wenzake, akaishia kuwa fundi anayejitegemea wa kuchonga mawe ya makaburi. Pale kijijini kwao, katika jimbo la Zeeland, alikwishajifunza jambo moja la biashara: jiwe likikataliwa na wazee wa kanisa halipati mnunuzi wa pili, maana limeshabeba jina la mtu.

Kwa hiyo Nella Kodde alipotaka chini ya jina la marehemu mumewe paandikwe "Yuko hemel", Marinus aliweka patasi chini. Hemel kwao ni anga, na ndiyo mbinguni pia. Wakitazama mawingu hulisema kutwa nzima. Wakizika mtu huliogopa.

"Mama Nella, Mzee Wisse wa kanisa hatalipitisha. Krijn hakusogelea meza ya Bwana hata siku moja."

"Kwani wewe umesogea?"

"Mimi sijafa."

Kanisani mwao mkate na divai vilikuwa vya wachache waliowaeleza wazee jinsi Mungu alivyowashika. Wengine walikaa kwenye viti vyao mpaka wanazeeka, wakiona haya kujihesabu wateule. Krijn alikuwa wa hao.

"Basi, kabla hajakata roho alisema nini?" Marinus aliuliza. "Neno dogo tu la imani la kumpa Mzee Wisse, mengine tutayanyoosha wenyewe."

"Alisema nikafunge mlango wa zizi."

"Basi?"

"Na nisiubamize."

Wisse alipokuja uani kwa Marinus kukagua jiwe, koti jeusi limefungwa hadi shingoni, alimuuliza mjane swali lile lile. Marinus akamkonyeza. Nella akasimulia habari ya zizi kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

"Sasa dada, nitaruhusuje?" alisema Wisse.

"Kwa hiyo hayuko?"

"Sijasema hayuko. Hilo nalo silijui."

Marinus aliona upenyo. "Kama hujui, Mzee, naacha nafasi. Mstari mmoja, nausugua ung'ae, siandiki kitu. Utakataa jiwe kwa neno ambalo halipo?"

"Mtupu kabisa?"

"Kama sahani ya sadaka siku ya mvua."

"Chunga ulimi, Marinus." Lakini alikubali, akaondoka.

Nella alikunja uso. "Nimekuja kununua neno, wewe unaniuzia pengo."

"Nakuuzia jiwe litakalosimama. Lenye neno litabaki hapa uani, kuku walilalie."

"Na hilo pengo usinitoze."

"Kusugua kunachosha kuliko herufi!"

"Marinus!"

"Haya, bure. Umeniweza."

Jumapili ya kwanza baada ya jiwe kusimikwa, watu walilizunguka walipotoka ibadani. Mmoja akamuuliza Nella fundi amesahau nini pale chini. Mwingine akauliza vivyo hivyo, na mwingine tena. Nella akamjibu kila mmoja kwa sauti ya kuitia ng'ombe, Wisse akiwa amesimama pale pale:

"Hajasahau kitu. Hapo ndipo pa kusema kwamba Krijn yuko hemel."

Wisse alivaa kofia yake, akaenda zake kula.