Kuku wa Mama Mkwe na Yai Nililolitafuta

Jamani, hili sijawahi kulisimulia nikiwa nimeshiba, maana tumbo hucheka na roho inaona haya. Miaka ile ya sabini nilikuwa nimehitimu darasa la jioni kule Ibadakuli, na kichwa kilikuwa kimejaa hadi nikilala nahofia herufi zisimwagike kwenye mto wa kulalia. Mke wangu Minza alikuwa amerudi kwao Masumbwe akisema nyumbani kwangu maneno ni mengi kuliko mahindi (uongo, mahindi yalikuwepo, debe moja), nami nikaenda kumwomba arudi, nimevaa shati jeupe la kuhitimu.

Nilipoketi nikamwona tetea wa mama mkwe, ndiye aliyesifika kwa kutaga kijiji kizima, anatembea amesimama wima kama karani, tumbo linaning'inia karibu na ardhi, anaingia kwenye kiota, anatoka, hakuna yai. Hapo ndipo nilipojimaliza.

"Yai limekwama," nikatangaza. "Niachieni mimi. Leteni karai la maji ya uvuguvugu na mafuta ya kula."

Kwa desturi mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, wanapitisha maneno kwa mtu wa tatu, kwa hiyo mama alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, amegeuza uso, akamtuma Minza.

"Baba Shija," Minza akaniita, "mama anasema..."

"Mwambie mama atulie, nimesoma."

Majirani wakajaa uani. Nikampakaza kuku mafuta, nikamkalisha kwenye maji, nikapapasa tumbo, nikashangaa: badala ya kitu kigumu, laini tu, linacheza kama kiriba cha maziwa! (Udadisi ukanishika, nikasahau hata nilichokuja kuomba.)

"Baba Shija, mama anasema tena..."

"Subiri, yai linakuja!"

Nikabonyeza kidogo. Kilichokuja si yai. Kilitua kwenye shati langu kuanzia kola hadi kifungo cha mwisho, kuku akachoropoka, akaruka akiwa amelowa, akatua mapajani pa mama mkwe, nami, kwa akili za darasa la jioni, nikamrukia palepale! Wanawake wakapiga yowe. Mama akakimbilia ndani, mimi nikabaki nimekumbatia kigoda chake.

"Huyu ndiye msomi?" jirani mmoja akauliza.

Baba mkwe akamchinja kuku yule asiteseke zaidi, akampasua. Nikasogea pamoja na shati langu: ndani maji ya manjano, na mabonge ya kiini yaliyoganda kama ugali wa jana. Mayai yalikuwa yakidondokea tumboni badala ya kufuata njia yake. Hatukumla, tulimfukia.

"Sasa naweza kumaliza?" Minza akauliza. "Mama alisema tangu juzi anajua huyu anatagia ndani, hakuna yai la kutoa, usimminye, mwache."

Jioni hakikuja kile nilichozoea kuwekewa ukweni, firigisi. Minza alileta sahani iliyofunikwa, nikafunua, yai moja la kuchemsha.

"Mama anasema," akaanza, nikafunga mdomo wangu kwa mkono kabisa, "hili lilitoka lenyewe."

Uani watu wakaangua kicheko, na Minza akacheka hadi akakaa chini, kisha akaenda kufunga furushi lake. Shati halijatakata mpaka leo. Na Minza akianza kusema "mama anasema", naweka chini hata kijiko.