Rupia ya Simba

Bibi yangu alikuwa na rupia saba za fedha, za enzi za Mjerumani. Baba yake alizipata kwa kubeba mizigo ya safari, akarudi nazo Bweranyange zimefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Zote zilikuwa na kichwa cha mfalme aliyevaa kofia yenye ndege tai juu yake. Moja tu, upande wake wa pili, ilikuwa na simba chini ya mnazi. Nyingine zilikuwa zimelika kwa kushikwashikwa, mbili zimetobolewa zivaliwe shingoni. Ile ya simba haikuwa na dosari ila mkwaruzo mdogo karibu na mkia.

Bibi alinikabidhi nizitunze katikati ya miaka ya themanini, wakati nafundisha Ihanda. Nilimwonyesha mtu mmoja tu, mwalimu mwenzangu aliyesimamia ndoa yangu. Aliigeuzageuza ile ya simba kwa muda mrefu.

"Niazime siku mbili," akasema. "Nina ndugu mwenye kitabu chenye picha za sarafu. Nikailinganishe."

Nikampa bila kufikiri. Siku ya tatu alikuja nyumbani akiwa amegeuza mfuko wa suruali nje. Ulikuwa na tundu. Alisema rupia imedondoka njiani, pale panaposhuka kwenda bondeni. Tulikwenda wote. Tulipekua majani tangu asubuhi mpaka jua la utosi, yeye amepiga magoti kwenye tope, mimi namwonea huruma.

"Hizo zilizobaki," aliniambia tukirudi, "zisugue kwa majivu na limau zing'ae, umuuzie sonara anayekuja gulioni. Anaziyeyusha, hajali picha."

Nilizisugua zikawa nyeupe kama maziwa. Lakini siku ya gulio sonara hakuja, na wiki iliyofuata nikaitwa Bukoba kwa mambo ya mshahara. Nikazibeba. Huko nikaelekezwa kwa mzee mmoja muuza vitambaa, mkusanyaji wa sarafu za kale. Nilimwamkia shikamoo, nikazimwaga mezani. Alichukua lenzi, akatazama moja, akaiweka chini.

"Nani kazisugua?"

"Mimi, mzee."

"Umeziua, mwanangu. Ule weusi ndio umri wake. Sarafu ya kale haioshwi, hata kwa maji. Hizi sasa ni fedha ya kuyeyusha tu."

Kisha, labda kwa kunihurumia, akafungua kasha anionyeshe sarafu iliyotunzwa inavyokuwa. Ndani, juu ya kitambaa, alikuwa simba chini ya mnazi. Niliona mkwaruzo karibu na mkia.

"Hii umeipata wapi?"

"Kaileta mwalimu mmoja wa kwenu, mwezi uliopita. Ya simba iliyo safi hivi ni adimu sana."

Mwezi uliopita. Tulipokuwa tunapekua majani, mwanzoni mwa mwezi huu, ilikuwa imeshauzwa.

Niliporudi nilimkuta kwenye shamba la kahawa la shule. Hakukana.

"Kwako ingekaa kwenye kopo mpaka ufe," alisema. "Ulikuwa hujui hata ni nini."

"Ndiyo maana nilikuletea wewe."

Akainama, akaendelea kupalilia.

Kumwambia Bibi kulinishinda kwa wiki nzima. Nilipokwenda alinisikiliza akimenya ndizi. Mwisho akauliza, "Na majivu, alikushika mkono ukasugua?"

"Hapana, Bibi."

"Zilete."

Nilimpa zile sita. Alizitazama, akashindwa kuitambua hata ile aliyoivaa enzi za usichana wake. Akamwita dada yangu mdogo kutoka jikoni, akazitia mkononi mwake mbele yangu, akamwambia tangu siku ile yeye ndiye atakayezitunza.