Nywele Kavu Hazitaki Bomba

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa alisuka bila kuumiza. Hata watoto wanaolia wakiona kitana walisinzia mapajani mwake. Kazi aliifanyia kibarazani kwake, penye benchi moja na kioo kilichopasuka pembeni. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume, na kwa vidole hivyo hivyo akamsomesha mpaka akaajiriwa manispaa, kitengo cha kukagua biashara.

Ikatoka sheria ndogo: kila anayetengeneza nywele awe na chumba chenye vigae, bomba la maji na cheti cha chuo. Haikuzuka hivi hivi. Binti mmoja aliunguzwa kichwa na dawa ya kulainisha nywele, akalazwa. Lakini walioipigania zaidi ni wenye saluni za vioo za barabara kuu, ambao vigae walikuwa navyo tayari.

Mdogo wake alikuja mwenyewe kumwambia. Hakutaka dada yake afungiwe na mtu baki. Dada alimsikiliza huku akimalizia kichwa cha mteja, kisha akamtengea chai.

"Mimi nasuka nywele kavu," akasema. "Bomba la nini?"

"Dada, sheria haichagui. Yule binti aliungua."

"Basi wakagueni wenye dawa. Mimi nikimuumiza mteja leo, kesho harudi, na keshokutwa mtaa mzima unajua. Serikali inikinge na wezi. Ushuru wa hilo nalipa na sinung'uniki. Ila isinifunge mikono halafu iseme inamlinda mtu."

Hakumbembeleza. Aliinua benchi upande mmoja, mdogo wake akashika upande wa pili, wakaliingiza ndani bila kutazamana.

Tangu siku hiyo akawa anawafuata wateja majumbani, vitana vikiwa mkobani. Wa karibu walibaki, wa mbali wakapukutika. Miguu ikaanza kuvimba. Kwa mdogo wake hakwenda kulalamika, na mdogo wake naye, kwa aibu, hakufika kumjulia hali. Kila mmoja alidhani mwenzake amekasirika.

Alasiri moja mdogo wake mkaguzi alirudi nyumbani mapema. Akamkuta mkewe ameketi mkekani sebuleni, kichwa amekiegemeza kwenye magoti ya wifi yake, na binti yao akisubiri zamu. Kwa sheria aliyokuwa akiisimamia, sebule yake ilikuwa saluni bubu. Mkewe alikodoa macho. Dada hakuacha kusuka.

"Na hapa utafunga?" akauliza taratibu.

Mdogo wake alivua viatu, akaketi karibu nao. Ndipo alipoziona zile nyayo zilizovimba. Akavuta mto wa kochi, akainyanyua miguu ya dada yake mmoja mmoja, akailaza juu yake. Kisha akaanza kumchambulia nywele za bandia na kumpa fungu baada ya fungu, kama alivyofanya utotoni akitoka shule. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno.

Kwenye kikao cha manispaa mkaguzi huyo alisimama akasema: anayetumia dawa abanwe barabara, anayesuka kwa vidole aachwe afanye kazi. Mkubwa wake akamuuliza kama anamtetea ndugu yake. Akajibu kwamba ndiyo, anamtetea yeye pamoja na wengi wasio na ndugu manispaa. Wenzake walimnunia kwa muda mrefu, na hoja ikapigwa danadana, lakini mwishowe ikapita.

Mkono Mwepesi akarudi kibarazani. Haukupita muda, akaja msichana aliyeacha kazi kwenye saluni ya vioo, akiomba kona ya kusukia kivyake. Wifi alimvuta Mkono Mwepesi pembeni, akamnong'oneza kuwa wateja watagawanyika. Akasema afadhali yeye amwambie mumewe, yule mkaguzi, atafute kifungu cha kumzuia msichana huyo.

Mkono Mwepesi alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Wagawanyike, wifi yangu. Kila mtu afuate mkono anaoupenda."

Akajisogeza kwenye benchi, akampisha msichana akae.